Namna ya Kuuliza Watu Wametibiwa Mara Ngapi, na Kupima Jibu Lina Ukweli Kiasi Gani

Kila utafiti wa kaya unapokaribia, wanaoandaa dodoso la afya kwa mara ya kwanza huniuliza maswali yaleyale. Niulize miezi 12 au wiki 2? Baba akijibu kwa niaba ya mkewe, nikubali? Mbona idadi ya waliolazwa kwenye data yangu haifanani na ya hospitali? Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, nikifuata kazi yenyewe inavyokwenda, tangu kuandika swali hadi kuandika ripoti.

Kwanza ujue kwa nini jambo hili lina uzito. Watu husahau, hilo halina ubishi. Shida ni kwamba hawasahau kwa usawa. Jijini Delhi, kati ya 2000 na 2002, watafiti waliwafuatilia watu 1,621, wakitumia maswali ya wiki moja kwa awamu fulani na ya mwezi mzima kwa awamu nyingine. Mwaka 2008 wakarudi na kuzigawa kaya kwa bahati nasibu ili walinganishe vipindi hivyo. Kwa maswali ya wiki, maskini walionekana kwenda kutibiwa zaidi ya wenye nacho. Kwa maswali ya mwezi, picha ikapinduka: maskini wakaonekana kwenda kidogo kuliko wenye nacho. Maelezo waliyoyapendekeza watafiti hao yananigusa hadi leo, kwamba aliyezoea kuumwa haoni tena ugonjwa kama tukio la kukumbukwa. Sasa mfikirie mpanga bajeti aliyeletewa jedwali la mwezi peke yake.

Kabla ya kuanza, hakikisha unavyo hivi:

- Sentensi moja iliyoandikwa inayosema takwimu hii itatumika kuamua nini.
- Orodha ya mahali pote watu wanapotafuta tiba katika eneo la utafiti, pamoja na majina wanayoyatumia wenyewe.
- Kalenda ya matukio ya eneo hilo kwa miezi 12: sikukuu, kufungua na kufunga shule, mvua, mavuno, uchaguzi.
- Kibali cha maadili, na fomu ya ridhaa inayotaja waziwazi kama utaangalia kadi au rejista za mhojiwa. Ridhaa hii ukiisahau mwanzoni, hatua ya 8 itakushinda.
- Siku 2 au 3 za jaribio la awali pamoja na watu wasiokuwemo kwenye sampuli yako.

Hatua ya 1. Amua unachotaka kujua.

Kuna kazi tatu tofauti: kukadiria jumla ya mahudhurio, kulinganisha makundi, na kujua mtu mmojammoja alikwenda au hakwenda. Dodoso linaloweza kukupa jumla nzuri linaweza kukudanganya kabisa kuhusu mtu mmojammoja, na sababu utaiona katika hatua ya 9. Usiendelee kabla hujachagua.

Hatua ya 2. Iite huduma kwa jina ambalo mhojiwa analitumia.

Hapa ndipo majibu mengi yanapopotea, na mara nyingi kumbukumbu haina hatia. Nikiwa mdadisi mgeni nilimhoji mama mmoja aliyekaa mlangoni akinyonyesha. Nikasoma swali kama lilivyoandikwa: katika miezi 12 iliyopita umewahi kwenda hospitali kupata huduma? Akajibu bila kusita, “Hapana dada yangu, namshukuru Mungu sijaumwa.” Nikaweka alama ya hapana, nikasonga mbele. Mwishoni nikaomba kadi ya mtoto ili ninakili chanjo. Akaleta mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Ndani mlikuwa na kadi ya mtoto, kadi ya ujauzito yenye mahudhurio 4, na daftari dogo la presha lenye tarehe 6, zote za mwaka uleule. Nilipomwonyesha akashangaa kweli. “Hizo ni za kliniki. Si umeniuliza hospitali?”

Mama yule hakusahau kitu na hakudanganya. Swali langu ndilo lililokuwa na kasoro mbili. Neno “hospitali” kwa wengine ni jengo kubwa la rufaa tu, na kwa wengine ni mahali popote penye sindano. Vilevile, alisikia kwamba naulizia ugonjwa, na ujauzito si ugonjwa.

Kwa hiyo usiulize swali moja la jumla. Taja kila huduma na usubiri jibu lake: zahanati, kituo cha afya, hospitali, kliniki ya wajawazito, kliniki ya presha au kisukari, chanjo na kupima uzito wa mtoto, meno, macho, duka la dawa, mhudumu wa afya aliyekuja nyumbani, mganga wa tiba asili, ushauri kwa simu. Kisha amua na uandike kwenye mwongozo wa wadadisi mambo haya: kumsindikiza mtoto kunahesabiwa kwa mama au kwa mtoto? (Ni kwa mtoto.) Kupelekwa maabara siku ileile ni hudhurio la pili? Kurudi kuchukua majibu je? Kwa haya mawili ya mwisho jibu lolote linafaa, mradi wadadisi wote walitumie hilohilo.

Angalia pia neno “daktari”. Watu wengi humwita daktari kila avaaye koti jeupe. Kama unahitaji kujua ni daktari, mwuguzi au mfamasia, usitegemee mhojiwa akutofautishie. Uliza jina la kituo, kisha aina ya watoa huduma itafute kwa njia nyingine.

Hatua ya 3. Chagua kipindi cha kukumbuka kulingana na uzito wa tukio.

Kanuni ninayoitumia: kulazwa, miezi 12; mahudhurio ya kawaida ya wagonjwa wa nje, wiki 2 hadi 4; kununua dawa dukani, wiki 1 hadi 2. Tafiti kubwa zimeelekea hukohuko. Utafiti wa sampuli wa taifa nchini India huuliza siku 15 kwa wagonjwa wa nje na siku 365 kwa waliolazwa. Tafiti za DHS, yaani tafiti za afya na idadi ya watu zinazofanyika katika nchi nyingi, huuliza homa na kuhara kwa watoto katika wiki 2 zilizopita.

Sababu ni rahisi. Kulala wodini siku 10, kupasuliwa, kujifungua: haya hukaa kichwani. Kulazwa usiku mmoja husahaulika mapema zaidi, na hili lilishaonekana Marekani tangu miaka ya 1960 majibu ya waliohojiwa yalipolinganishwa na rekodi za hospitali. Kwenda kuchukua vidonge vya malaria miezi 7 iliyopita, nani atakumbuka?

Lakini usikimbilie kipindi kifupi kwa kila kitu. Piga hesabu kwanza. Tuseme mtu wa kawaida huhudhuria mara 3 kwa mwaka. Ukihoji watu 1,000 kuhusu wiki 2, utapata mahudhurio kama 115, na hayo yanatosha kufanyia kazi. Sasa tuseme watu 5 kati ya 100 hulazwa kwa mwaka. Kwa wiki 2, watu haohao 1,000 watakupa waliolazwa 2 hivi. Huwezi kuandika ripoti juu ya watu 2.

Onyo: kama utafiti wa awamu iliyopita ulitumia wiki 4 na wewe unataka wiki 2, usibadilishe kimyakimya. Mabadiliko utakayoyaona yatakuwa ya swali, wala si ya watu. Gawa sampuli kwa bahati nasibu, nusu waulizwe kwa kipindi cha zamani na nusu kwa kipya, ndipo utajua pengo ni kiasi gani.

Hatua ya 4. Kifunge kipindi kwa tarehe.

“Mwezi uliopita” kwa Kiswahili ni mtego. Mtu akihojiwa tarehe 20 Agosti anaweza kuelewa Julai nzima, au siku 30 zilizopita. “Mwaka jana” nao haulingani hata kidogo na miezi 12 iliyopita. Kishikwambi kionyeshe tarehe yenyewe, na mdadisi aisome: “kuanzia tarehe 21 Julai mpaka jana”. Kwa miezi 12, tumia kalenda ya matukio: “tangu shule zilipofungwa mwaka jana mpaka leo”. Mpitishe mhojiwa mwezi kwa mwezi, kuanzia leo kurudi nyuma.

Tarehe hizi zinazuia kosa ambalo wengi hawalifikirii. Tumezoea kuogopa kusahau, lakini watu pia hulivuta karibu tukio la zamani. Upasuaji wa miezi 15 iliyopita unaingizwa ndani ya miezi 12 kwa kuwa maumivu yake bado yako hai. Watafiti Neter na Waksberg walilichunguza jambo hili mwaka 1964, wakiwauliza Wamarekani juu ya gharama za kukarabati nyumba, na dawa waliyoitumia inafaa hadi leo: mtembelee mhojiwa mara mbili, na ziara ya kwanza iwe ukuta. Katika ziara ya pili uliza yaliyotokea tangu ulipomwona, ukiwa na orodha ya aliyokwisha kuyataja. Utafiti wa MEPS wa Marekani, unaofuatilia matibabu ya kaya na gharama zake, ulioanza 1996, umejengwa hivyo. Kwa kawaida kaya huhojiwa mara 5 ndani ya miaka 2 na nusu, ili kupata picha ya miaka 2. Kama fedha zako zinatosha ziara moja tu, kalenda ndiyo ukuta wako.

Hatua ya 5. Amua nani ajibu.

Kila mtu mzima ajijibie. Kwa mtoto mdogo ajibu anayemlea kila siku, ambaye si lazima awe mkuu wa kaya. Mkuu wa kaya ataijua operesheni ya mkewe, kwa kuwa alilipa. Hatajua kwamba binti yake alikwenda kuchukua vidonge vya uzazi wa mpango, na pengine hapaswi kujua. Ikibidi kumkubali mtu ajibu kwa niaba ya mwingine, weka safu kwenye data inayosema hivyo. Bila safu hiyo, siku utakapoona wanaume wana mahudhurio machache mno hutaweza kujua kama ni ukweli, au ni kwa sababu hawakuwepo nyumbani na wengine wakawajibia.

Hatua ya 6. Usiifanye “hapana” kuwa njia ya mkato.

Madodoso mengi huanza na “je, uliumwa?” na wanaosema hapana huruka sehemu nzima ya matibabu. Hapo unapoteza chanjo, kliniki za wajawazito, na wenye kisukari ambao kwao kumeza dawa kila siku ndiyo hali ya kawaida. Mbaya zaidi, baada ya siku ya tatu mdadisi aliyechoka hujifunza kwamba “ndiyo” moja inaleta maswali 15. Mhojiwa naye hujifunza. Sauti ya mdadisi huanza kuelekea hapana: “Hukuumwa, sivyo?”

Uliza matibabu kando na ugonjwa. Pitisha kwanza ndiyo au hapana kwa huduma zote, ndipo urudi kwenye maelezo ya zile alizozikubali. Kisha kila jioni tazama asilimia ya “ndiyo” kwa kila mdadisi. Anayeshuka siku hadi siku, kaa naye siku inayofuata.

Hatua ya 7. Yaliyo siri yaulize kwa namna yake.

Huduma za VVU, afya ya akili, ulevi na kutoka kwa mimba husemwa pungufu. Vipimo vinavyosifiwa, kama kupimwa saratani ya shingo ya kizazi au ya matiti, husemwa zaidi ya vilivyofanyika, na mara nyingi vinasogezwa karibu kuliko tarehe yake halisi. Mpe mhojiwa faragha, au kishikwambi ajijazie mwenyewe kama anasoma vizuri. Usiweke swali la VVU mbele ya wakwe.

Hatua ya 8. Omba karatasi.

Kadi, daftari, risiti, paketi za dawa, ujumbe wa simu wa miadi. Omba baada ya mhojiwa kujibu kwa kumbukumbu, na uandike majibu yote mawili katika safu mbili tofauti. Mdadisi anayefuta jibu la kwanza na kuweka la kadi anakunyima kipimo cha bure cha kusahau.

Hatua ya 9. Pima kosa kwa sehemu ya sampuli.

Usiruke hatua hii hata kama una fedha za watu 100 tu. Njia ni mbili. Ya kwanza: chukua majina kutoka rejista ya kituo kwa ridhaa na kibali, wachanganye kwenye orodha ya wadadisi bila wadadisi kujua ni akina nani, kisha uone wangapi watataja hudhurio lao. Tuseme (huu ni mfano wangu wa kuonyesha hesabu) umepata watu 120. Waliohudhuria wiki 1 hadi 4 zilizopita, 36 kati ya 40 walisema. Wiki 5 hadi 8, ni 28 kati ya 40. Wiki 9 hadi 12, ni 20 kati ya 40. Jumla ni 84, yaani asilimia 70, lakini mteremko wa 90, 70, 50 ndio unaokufundisha zaidi. Gawa pia kwa kipato, umri na elimu.

Njia hii ina udhaifu: umeanza na waliokwenda, hivyo unaona kusahau peke yake. Waliosema walikwenda kumbe hawakwenda huwaoni. Kwa hao unahitaji njia ya pili, kuanzia kwa mhojiwa kwenda kwenye rekodi.

Ona kwa nini zote mbili ni za lazima. Chukua watu 1,000, ambao 200 kweli walihudhuria. Kati yao 140 wanasema, 60 wanasahau. Kati ya 800 ambao hawakwenda, 40 wanasema walikwenda, pengine kwa kuvuta tukio la zamani. Data yako inaonyesha 180, asilimia 18 badala ya 20. Jumla inakaribia ukweli kwa sababu makosa mawili yamemezana, ilhali watu 100 wamewekwa upande usio wao. Aliyefanya njia ya kwanza tu atagawanya 180 kwa 0.7 na kupata 257, akajiweka mbali na ukweli kuliko alipokuwa. Hesabu sahihi hutumia viwango vyote viwili: asilimia 70 ya waliokwenda waliosema ndiyo, na asilimia 95 ya wasiokwenda waliosema hapana. Chukua 0.18, jumlisha 0.95, toa 1. Gawanya kwa 0.70 jumlisha 0.95 toa 1. Ni 0.13 kwa 0.65, sawa na 0.20.

Rekodi nazo zisikutie upofu. Rejista ya kituo cha umma haijui duka la dawa, kituo binafsi wala mganga. Jina huandikwa kwa tahajia tatu. Mhojiwa akisema mara 4 na rejista ikasema 3, huenda mhojiwa ndiye mkweli.

Hatua ya 10. Chambua bila kuficha.

Wiki 2 huzidishwa kwa 26 na wiki 4 kwa 13 kupata mwaka, iwapo tu ukusanyaji ulienea mwaka mzima. Ukikusanya msimu wa malaria peke yake na kuzidisha, umeufanya mwaka mzima kuwa msimu wa malaria. Na ukitaka kulinganisha idadi ya kusemwa na ya rekodi, usiridhike na uwiano wa pamoja (correlation), yaani kipimo cha jinsi namba mbili zinavyopanda na kushuka pamoja; chora tofauti dhidi ya wastani wa vipimo viwili kwa kila mtu, kama wanatakwimu Bland na Altman walivyoeleza mwaka 1986. Mara nyingi utaona tofauti inapanuka kadiri mahudhurio yanavyoongezeka, kwa maana wanaotibiwa sana ndio wanaosema pungufu zaidi. Na hao ndio wenye mahitaji makubwa.

Mambo yakienda kombo

Majibu yamerundikana kwenye 5, 10 na 12. Watu wanakisia, 12 mara nyingi ni “kila mwezi”. Usiyasahihishe kwa mkono. Ripoti kwa makundi (0, 1, 2 hadi 4, 5 na zaidi), na awamu ijayo fupisha kipindi au tumia kalenda.

Waliolazwa kwenye data ni pungufu kuliko takwimu za hospitali. Kabla ya kulaumu kumbukumbu, kumbuka kwamba umewahoji walio hai na waliokuwa nyumbani. Waliofariki mwaka huo, ambao wengi wao walilazwa mara nyingi, hawamo. Waliokuwa wodini siku ya mahojiano hawamo. Ongeza swali juu ya waliofariki katika kaya. Pia hospitali huhesabu kulazwa, wewe unahesabu watu: mtu mmoja aliyelazwa mara 3 kwao ni 3.

Wiki ya karibu zaidi kati ya nne zilizopita ina mahudhurio mengi kuliko nyingine zote. Kama kila hudhurio lina tarehe, hesabu kwa wiki. Mahudhurio yakishuka kadiri unavyorudi nyuma, hiyo ni dalili ya kusahau. Unaweza kutumia wiki 2 za karibu tu, na useme hivyo kwenye ripoti.

Mdadisi mmoja ana “hapana” nyingi mno. Rudi kwenye kaya 5 zake na uhoji upya sehemu hiyo peke yake. Majibu yakitofautiana, kaya zake zote zirudiwe, hata kama ratiba itachelewa.

Kazi ya uwandani imekwisha na hukupima kosa lolote. Linganisha angalau huduma moja ambayo rekodi zake zinaaminika, kama kujifungulia kituoni au chanjo, kwa eneo lilelile na miezi ileile. Ukiona pengo, liandike kwenye ukurasa uleule wenye jedwali la matokeo, kwa sababu mwenye kupanga bajeti hatafika kwenye kiambatisho.